Jogoo wa Mlimani na Lori la Saa Kumi

Mwanangu Nyamizi,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia, hata kama ni moyoni tu.

Mambo ya sabuni, chandarua na namna ya kukaa na wenzako bwenini namwachia mama yako. Ameyasema mara tatu tangu barua ya chuo ilipofika, na kesho atayasema tena mpaka basi la Tabora lipige honi. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu. Ni la ua la porini, la mtu unayempenda, na la saa chache za siku moja ulipokuwa na miaka saba.

Limechokozwa na Jumapili. Katekista alipokusimamisha mbele ya watu uage, ulisema hivi, nayakumbuka maneno yako yote: "Nakwenda kusomea uuguzi kwa sababu nimekulia katika nyumba ya mtu aliyeokoa maisha. Baba yangu alimwokoa Mzee Kondo." Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa benchi la nne, natazama viatu vyangu. Labda ulidhani ni haya ya mtu mzima anaposifiwa na mwanawe. Haikuwa hivyo, mama. Hadithi uliyoisimulia si uongo, ila imekatwa mwanzo wake, na aliyeukata ni mimi. Siwezi kukuacha ukajenge kazi ya maisha yako juu ya kipande.

Nakuita mama kwa kuwa umebeba jina la mama yangu, na habari hii inaanzia kwake.

Kule tulikoishi kabla ya kuhamia kijijini palikuwa na mlima. Watu wa Kilimanjaro wangeuona wangecheka: ni mawe makubwa yaliyopandiana, na pori la miombo limeyazunguka. Lakini kwetu ni mlima, na bibi yako aliujua kama unavyoujua uwanja wa shule. Katika vyote vilivyoota pale, aliloliheshimu kuliko yote ni ua aliloliita jogoo wa mlimani. Ua lile halipendi mahali peupe. Hukaa pale udongo ulipokusanyika katikati ya mawe, au pembeni mwa kichaka, au juu ya kichuguu cha zamani. Kiangazi huoni kitu. Jani limekufa, shina limekufa, unakanyaga juu yake hujui. Mvua za kwanza zikinyesha linachomoza, na kwa kuwa shina lake ni dhaifu linapanda juu ya mimea mingine kwa kushika kwa ncha za majani, kila ncha imejikunja kama mkia wa kinyonga. Kisha linatoa ua la njano linaloiva kuwa jekundu, petali zote zimerudi nyuma na kusimama kama kilemba cha jogoo anayetaka kupigana. Huko uendako utalikuta kitabuni kwa jina la Kilatini. Mimi nataka ulitambue kwa sura.

Chini yake kuna kiazi. Kina mikono miwili, kimepinda kama kiwiko. Bibi alikikausha, akakitwanga, akachanganya na mafuta ya mbarika, akapaka magoti ya wazee na vifundo vya miguu vilivyoteguka. Maji ya majani yake aliwaoshea watoto wenye chawa. Kwa kinywa hakumpa mtu hata siku moja. Walikuwepo wanawake waliomjia kwa siri, kila mmoja na shida yake, wakiomba cha kunywa. Aliwapikia uji, akakaa nao mpaka wakaacha kulia, lakini kiazi hakuwapa. Nilimwuliza mbona waganga wengine wanawapa. Akasema, "Na makaburi yao unayajua?"

Alikuwa na sharti lake: kiazi cha jogoo hakiingii kikapuni. Kinafungwa ndani ya gome la mti, juu ya gome unachomekwa mwiba, kisha kinatundikwa nje ya nyumba. Sababu yake ni ya macho tu, wala si ya mizimu. Ukikiweka pamoja na viazi vikuu vidogo, mtu asiyejua hatofautishi.

Ulipofika mwaka wa kuhamia vijijini tulipewa siku tatu. Kuna waliohama wakiimba na waliohama wakilia. Sisi tulikuwa katikati. Bibi yako hakulilia nyumba wala shamba, alililia mlima. Magoti yake yalikuwa mabovu, na kule tambarare tulikokuwa tunapelekwa hakukijua hata kichaka kimoja. Basi siku ya mwisho nikapanda nikamchimbulia viazi vya jogoo kama kumi, nivipande huko twendako. Gome sikuwa na muda wa kulichuna. Lori lilikuwa linangoja. Nikavitia katika kikapu, juu ya viazi vikuu vya mbegu. Nilijiambia: tukifika tu, navitoa.

Tulifika, na sikuvitoa. Tulipewa kiwanja kwenye mstari, namba imeandikwa kwenye kibao, na mvua zilikuwa zinakaribia. Kwanza paa, nikasema.

Sasa nikwambie habari za utani, maana nyinyi wa siku hizi mnaujua kwa kuusikia tu. Mzee Kondo ni Mzaramo. Babu zetu Wanyamwezi waliobeba meno ya ndovu mpaka Pwani walipita kwao, na yaliyotokea huko kati yao, mazuri na mabaya, yaliishia kuwa utani. Mtani akikutukana hukasiriki. Akichukua kitu chako mbele ya macho yako, hajakuibia. Kondo alikuja huku na kazi za reli, akamwoa Bi Mwanaidi wa Kanyenye, Tabora mjini, na kabla hatujahama alikuwa akija mpaka mlimani kununua asali yangu. Kila akija ni vita. Kijiji kipya kilipoanzishwa akaomba shamba, tukajikuta majirani. Nilifurahi kuliko nilivyomwonyesha.

Siku ya nne niko juu ya paa naezeka. Mama yako amekwenda kisimani, bibi yuko ndani. Wewe ulikuwa naye, nadhani, unachambua kunde. Kama saa nne asubuhi nikasikia:

"Hodi, wapagazi! Mmefika? Mizigo mmeshusha?"

"Karibu, mla nazi. Hapa hakuna minazi, umepotea njia."

"Nazi sitaki. Naona mmeficha viazi hapa kwenye kikapu. Uchoyo huu mliupata wapi, njiani?"

Nikatazama chini. Alikuwa ameshika viazi vitatu, na vyote vitatu vilikuwa vya jogoo.

"Acha hivyo, Kondo. Hiyo ni sumu."

"Sumu?" Akavinusa. "Juzi uliniambia tumbaku yako ni sumu, nikaivuta. Mwezi uliopita asali yako ilikuwa sumu, nikala nusu kibuyu. Mbona sijafa?"

"Hiyo ni sumu kweli."

"Ahaa, sumu kweli! Basi nitakufa nimeshiba." Akaondoka, anacheza kidogo kwa makusudi ili nimwone.

Nami nilicheka, mwanangu. Hilo uliandike mahali. Nilikuwa na neno moja tu la kumwokoa, na neno hilo nilikuwa nimelichezea mwaka mzima mpaka likaisha nguvu. Nilipolihitaji halikufaa kitu.

Hata hivyo ningeweza kushuka. Ngazi ilikuwa pale. Lakini nilikuwa nimebakiza mstari mmoja wa nyasi, na wingu lilikuwa limetanda upande wa mashariki. Nikasema moyoni: akivimenya ataona si viazi, atavitupa. Nikamaliza mstari. Kisha nikaanza mwingine.

Alivichoma majivuni shambani kwake, peke yake. Namshukuru Mungu kila siku kwa hayo maneno mawili, peke yake. Bi Mwanaidi na watoto walikuwa kwenye mkutano wa akina mama.

Saa nane mchana tukasikia amepelekwa zahanati. Koo linawaka, anatapika, anaharisha maji matupu. Kijiji kilikuwa na watu wa kutoka kila upande, hakuna aliyemjua mwenzake vizuri, na neno lililowatoka wote kinywani lilikuwa moja: kipindupindu. Nilikwenda mpaka dirisha la zahanati, nikamwona. Hakuna haja ya kukueleza nilichokiona, utakiona huko wodini. Nilijua saa ile ile.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo hadithi yako ilipokatwa. Siku hiyo kulikuwa na lori lililoleta mabati ya shule. Saa kumi lilikuwa linarudi Tabora tupu. Dereva akamwuliza mwenyekiti, mimi nikiwa nimesimama pale, umbali wa hatua tano: "Kuna mtu wa kwenda mjini?" Mwenyekiti akatazama zahanati, akatikisa kichwa. "Mgonjwa tunaye, lakini kipindupindu siwezi kukupakiza, utakisambaza njia nzima." Hakukosea. Kwa aliyoyajua, alikata shauri la mtu mwenye akili.

Ilitakiwa sentensi moja: si kipindupindu, ni kiazi. Ningeisema, Kondo angelala hospitalini usiku ule. Niliifungua midomo, nakumbuka hata upepo ulivyoingia. Kisha nikamfikiria bibi yako. Mzee, mgeni kijijini, anajulikana kwa mizizi, na macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka sitini. Unajua katika nchi yetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu hufanywa nini mtu akifa ghafula na sumu ikatajwa nyumbani kwake. Nikafunga midomo. Lori likaondoka.

Jioni ile niliongoza rozari nyumbani, na sauti yangu haikutetemeka. Katika yote niliyoyafanya siku ile, hilo ndilo bado linaniogofya. Nilikuwa nimeshaanza kuzoea.

Asubuhi, kama saa mbili, Bi Mwanaidi akaja. Kitenge cha jana, macho yamevimba.

"Shemeji, mama yupo? Nimekuja kumwomba mzizi. Yule kijana wa zahanati amejitahidi mpaka basi, lakini maji yanaingia na kutoka. Mama anajua miti. Chochote, shemeji."

Ukutani kulikuwa na mzizi wa tumbo, ule tunaowapa watoto wakila maembe mabichi. Haumdhuru mtu na hauna nguvu ya kuponya alichokuwa nacho Kondo. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilikuwa nimeshaushika. Angeupokea kwa mikono miwili, angenishukuru, na Kondo akifa ningesifiwa kwenye matanga kuwa nilisaidia. Niliyaona yote hayo kwa mara moja, na ndipo nikaogopa kitu kingine kuliko kijiji.

"Mwanaidi," nikasema, "alikula viazi vyangu. Si viazi. Ni dawa ya kupaka, ni sumu."

Akauliza, "Umejua lini?"

"Jana. Saa nane."

"Na lori lilikuwepo."

"Lilikuwepo."

Hakulia na hakunitukana. Alisema, "Haya. Ya kwetu mimi na wewe baadaye. Twende uyaseme haya kwa yule mganga wa zahanati, kwa mdomo wako, sasa hivi."

Kabla sijavaa ndara, bibi yako akatoka ndani. Alikuwa amesikia kila neno. "Nani alikutuma unifiche?" akaniuliza. "Nimekuzaa, nimekulea, leo unanishika mbele yako kama ngao? Mimi nilikuomba?" Kisha akachukua fimbo yake, na magoti yale mabovu yakatutangulia mpaka zahanati.

Mganga wa zahanati alikuwa kijana, hajalala, shati limelowa. Bibi akamwambia maneno ambayo nayaandika hapa kwa ajili yako, kwa kuwa sasa ni mali yako: "Si kipindupindu. Kiazi hiki kinamaliza maji mwilini, kisha kinalegeza viungo, na akiishi mpaka wiki ya pili nywele zitamtoka. Dawa yake siijui. Atakayekwambia anaijua, anakudanganya. Mpelekeni kwenye maji ya mshipa na madaktari wakubwa." Yule kijana hakumcheka. Aliandika kila kitu, akarudia kumsomea kuhakikisha, akaambatanisha na barua ya kwenda hospitali. Ukiwa muuguzi, mwanangu, na mzee wa kijijini akisimama mbele yako na fimbo, andika kama alivyoandika yule.

Lori hakuna tena. Tulimlaza Kondo kwenye mkokoteni wa ng'ombe, tukaenda mpaka barabara kuu ya Nzega, jua linachoma, mimi mbele nawaongoza ng'ombe, Bi Mwanaidi pembeni anamkinga kwa khanga. Njiani Kondo akafungua macho, akaniona, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Mpagazi. Leo umepata mzigo wako." Nikasema, "Kondo, nisamehe." Akatabasamu. Alidhani naendeleza utani.

Barabarani tulipata gari la watu wa pamba likampeleka mjini. Alikaa huko wiki tatu. Siku tano za kwanza Bi Mwanaidi hakujua kama atarudi na mume au na maiti. Wiki ya pili, nywele zikaanza kubaki kwenye mto, nyusi pia, kama bibi alivyosema. Habari hiyo ilipofika kijijini yule kijana wa zahanati alikuja kwetu na kilo ya sukari, akampa bibi, akamwamkia shikamoo mara mbili.

Lakini minong'ono ilikuwa imeanza. Mkutano wa kijiji ukaitwa, na watu wawili watatu wakawa wanasema bila kusema, unajua namna ile: "Tunauliza tu, mzee huyu dawa zake ni za nini?" Kondo alikuwa amerudi siku ile ile. Akasimama, mwembamba kama fito, akavua kofia. Kichwa kinang'aa.

"Tazameni," akasema. "Mtani wangu ameninyoa bila wembe! Nilimwibia viazi, akaniambia sumu, nikamcheka. Sasa mnataka kumshitaki nani? Mshitakini kinyozi!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mtu akasema kwa nyuma, "Mtani hamlogi mtani," na neno la uchawi likafa hapo. Utani uliotaka kumwua Kondo ndio uliomwokoa bibi yako. Nimelifikiria hilo miaka yote na bado sijui nilisemeje vizuri kuliko hivyo.

Ndipo kijana wa zahanati akanyanyuka na kusema mbele ya wote, "Huyu baba asingejitokeza kusema ni nini, mgonjwa angekufa mikononi mwangu." Makofi. Alisema kweli. Ila hakusema nilijitokeza lini, na hakuna aliyeuliza. Tangu siku hiyo mimi ni mtu aliyeokoa maisha, na wewe umekua ukilisikia hilo kisimani, shuleni na kanisani.

Viazi vilivyobaki bibi alivifunga kwenye gome na mwiba, akaniamuru nivipande kwenye kile kichuguu cha mpakani na kukizungushia miiba. Ndiyo ile sehemu tuliyokukataza kuchezea.

Niliungama Pasaka iliyofuata. Padre aliniondolea dhambi, na nilipokuwa nainuka akauliza taratibu, "Na Kondo anasemaje?" Nikasema sijamwambia. Mama yako nilikuwa nimemwambia. Aliniwekea chakula siku nne bila kunitazama, kisha yakaisha. Bi Mwanaidi hakuwahi kunikumbusha. Mara moja tu, kwenye mazishi ya bibi, alisema, "Siku ukiwa tayari, mwambie mwenyewe. Mimi si tarishi wako." Na mimi nikawa natafuta siku. Siku nzuri haikosi sababu ya kuahirishwa: leo amefurahi, leo ana mgeni, leo mvua.

Kumbe siku yenyewe ingeletwa na wewe, umesimama kanisani na gauni lako jeupe.

Jumatatu nikaenda. Kondo alikuwa bandani akitunga majani ya tumbaku kwenye miti ya kukaushia. Nikasema, "Kondo, leo sina utani."

"Basi umekuja kuniuzia ng'ombe mgonjwa."

"Kaa chini."

Nikamwambia yote: paa, dirisha, dereva, hatua tano, rozari. Mikono yake ilisimama katikati ya jani.

"Lile lori la mabati?" akauliza.

"Lile."

"Nililisikia likiondoka. Nililala pale nikalisikia likipandisha, nikasema hao jamaa kesho wanakula chapati mjini." Akalitunga lile jani mpaka mwisho. Halafu akasema, "Rudi kwako, Petro."

Tangu tujuane alikuwa hajawahi kuniita kwa jina. Ningechukua matusi yake yote ya miaka kumi kuliko jina langu lile. Jumatatu na Jumanne sikuweza kula, mama yako akadhani ni kwa ajili ya safari yako.

Leo asubuhi nimesikia mlangoni, "Hodi, wapagazi!" Ulikuwa umekwenda kuwaaga walimu. Akaingia bila kukaribishwa, akajimiminia maji, akaketi.

"Nimelifikiria lile lori," akasema. "Unamkumbuka dereva wake? Si ndiye aliyelitumbukiza korongoni wiki iliyofuata? Na hali niliyokuwa nayo, angenimwaga kama mabati." Nikataka kuzungumza, akaninyamazisha kwa mkono. "Sijamaliza. Nilikasirika. Siku mbili nimekasirika vizuri, nimeridhika. Mke wangu ananiambia alijua siku zote, nikamkasirikia naye kidogo. Sasa basi. Nimesamehe, lakini si bure. Binti akirudi na sindano, wa kwanza kudungwa ni wewe, na mimi ndiye nitakayekushika mguu."

Tulicheka, mama. Tulicheka mpaka nikalazimika kutoka nje kufuta macho. Alipokuwa anaondoka akageuka, safari hii bila mchezo usoni, akasema, "Umwambie na yeye. Usimwache aende na hadithi ya makofi."

Mchana nimekula ugali bakuli zima, nikaomba tena. Mama yako ameniuliza kama naumwa.

Sikuandikii haya ili unihurumie, wala sikukatazi kunikasirikia. Huko uendako utakosea. Utampa mtu dawa ya jirani yake, au utasahau kumtazama aliyekuambia anasikia baridi. Mimi sikuombi usikosee, siwezi kukuomba nilichoshindwa. Nakuambia tu nilivyoona: kosa la paani lilikuwa dogo, lingetibika kwa sentensi moja. Lililomlaza Kondo usiku mzima bila maji ya mshipa ni mimi kunyamaza, na nilinyamaza kwa sababu nzuri. Sababu yangu ilikuwa mama yangu mzazi. Ningepata wapi nzuri kuliko hiyo? Kwa hiyo sababu nzuri naziogopa kuliko mbaya. Na ukiona mtu ameharisha sana, akapona, kisha nywele zinaanza kumtoka, mwulize alikula nini, na kilichimbwa wapi. Usimwulize kama polisi. Mwulize kama mtu ambaye baba yake aliwahi kusimama pale.

Ujuzi wa bibi yako usiuonee haya mbele ya walimu wako, wala usiwatambie nao. Useme unachokijua, na pale unapoishia useme umeishia.

Barua hii nilikusudia niifiche katikati ya nguo zako, uisome ukiwa ndani ya treni ya kutoka Tabora, umeshapita Itigi, mahali ambapo huwezi kurudi kuniuliza kitu. Nimeifikiria hivyo tangu nilipoandika mstari wa kwanza. Sasa nimefika mwisho naona kwamba hiyo nayo ni kusimama hatua tano na kuliacha lori liondoke.

Basi nitakupa mkononi kesho asubuhi, kabla ya chai. Basi la Tabora halipiti kabla ya saa tatu. Soma pole pole. Mimi nitakuwa uani napasua kuni. Shoka likinyamaza, ujue nimesikia unakuja.

Baba yako,
Petro Mihayo